Kuwa nacho sio kukimiliki

Ukienda kuangalia kiwanja Nala au Ihumwa, Dodoma, usiulize "una kiwanja?" maana dalali yeyote atakwambia ninacho, anacho kweli, mdomoni. Uliza "mmiliki nani?" halafu omba uone jina kwenye hati. Miliki imetoka Kiarabu, mzizi wake ndo huohuo wa malkia na milki, yani kutawala kitu kabisa, wakati "mwenye" ni Kibantu chetu na kinabeba vyote, mwenye nyumba, mwenye njaa, mwenye mafua (mafua nani anayamiliki jamani). Ila sasa cheki, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais mdhamini, kwahiyo hiyo hati miliki yako inakupa haki ya kutumia tu, mwisho miaka 99.