Kabla hujagusa manila: ramani ya pembesita kwa safari ya mezani

Ramani ya kwanza niliyochorea kikundi chetu hapa Mtwara, kinachocheza mezani michezo ya kuigiza safari katika ulimwengu wa kubuni, ilikuwa na vyumba, yaani pembesita za ramani, zaidi ya mia mbili. Nilipaka misitu rangi, nikapanga falme nne, kila mto nikaupa jina. Siku ya kwanza wachezaji walitoka bandarini wakashika njia ya kusini, na miezi mitatu iliyofuata hawakukanyaga hata ufalme mmoja. Tangu hapo naanza na maswali, penseli inafuata.

Swali la kwanza ni upana wa chumba kimoja. Tunatumia pembesita badala ya miraba kwa sababu moja ya msingi: kwenye miraba, anayekwenda mshazari anatembea karibu mara 1.4 ya anayekwenda moja kwa moja, wakati kwenye pembesita majirani wote sita wako umbali ule ule. Dungeons & Dragons, mchezo mashuhuri wa aina hii, ulipotoka Marekani mwaka 1974, wachezaji walielekezwa kutumia ubao wa pembesita wa mchezo mwingine kwa safari za porini, na desturi hiyo ikabaki. Wengi hupenda chumba cha maili 6. Mimi nakifanya kilomita 10 toka ubavu hadi ubavu, maana ndivyo tunavyohesabu safari huku. Mtwara mjini hadi Mikindani kwa barabara ni kama kilomita 10, na kila aliyewahi kuitembea njia hiyo kwa miguu anajua mwilini chumba kimoja ni kitu gani.

Ukishapata upana, weka mwendo wa siku. Mtu mwenye mzigo kwenye barabara nzuri atafika vyumba vitatu. Kwenye vichaka vizito mpe kimoja, na kwenye mikoko nusu, tena akiwa na bahati ya maji kupwa. Andika hesabu hiyo pembeni na usiibadilishe katikati ya safari, kwa sababu wachezaji wataitegemea wanapoamua wabebe chakula cha siku ngapi.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo ramani nyingi zinapokosa uhai. Chukua Mtwara na Lindi. Ukipiga mstari ulionyooka ni kama kilomita 60, yaani vyumba sita. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 100, kwa kuwa njia inaingia bara hadi Mingoyo, inalizunguka bonde la Lukuledi, ndipo irudi pwani. Aliye na chombo cha baharini anaona nchi moja, anayetembea anaona nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, tafuta kizuizi kimoja kikubwa kitakachowafanya wachezaji wabishane: ghuba, gema, mto usiovukika bila mtumbwi. Bila kizuizi, ramani ni sakafu tu, na hakuna anayebishana juu ya sakafu.

Swali linalofuata lilitoka kwa dada mmoja kwenye kikundi chetu. Nilikuwa nimeweka mji mkubwa juu ya kilima kikavu, akautazama muda mrefu, akaniuliza, “Kaka, hawa watu wanakunywa nini?” Sikuwa na jibu. Siku hizi kila kijiji nakiuliza vivyo hivyo kabla sijakiandika.

Jibu si lazima liwe mto. Uwanda wa juu wa Makonde unapanda taratibu ukitokea pwani, kisha kwa upande wa Newala unakatika ghafla, na pale Shimo la Mungu unasimama ukingoni ukilitazama bonde la Ruvuma mbali chini. Juu kule udongo ni wa kichanga, mvua inazama, chemchemi ziko chini mabondeni. Kwa vizazi vingi kina mama walishuka gema na kupanda tena na maji kichwani. Kwa nini basi watu waliishi huko? Kwa sababu vichaka vile vizito viliwaficha na wavamizi na misafara ya watumwa. Walikubali kiu ili wapate usalama. Tazama jambo moja la kweli la namna hiyo linavyoweza kuzaa vyumba vitano vya ramani yako: kijiji juu, chemchemi chini, njia moja nyembamba katikati, anayeilinda njia, na anayeitaka. Mimi naona hii ni bora kuliko majoka kumi.

Majira yasisahaulike. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mto uliovukwa kwa miguu mwezi Septemba hauvukiki mwezi Februari. Baharini pepo za kusi na kaskazi hugeuza upande wa safari. Amua mchezo unaanza mwezi gani, inatosha.

Kuhusu dadu, zile za ludo zinafaa. Pembesita ina mbavu sita na dadu ina pande sita, basi zipe mbavu namba kuanzia kaskazini, na kundi likipotea porini dadu iamue limetokea chumba gani. Kwa mambo ya kukutana nayo njiani tumia dadu mbili. Saba hutokea mara 6 katika 36, mbili na kumi na mbili mara 1 tu kila moja. Kwa hiyo kwenye saba weka jambo la kila siku, wachoma mkaa au wabeba samaki wakavu, na lile zimwi lako liweke kwenye kumi na mbili ili likitokea watu washtuke kweli.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Ulimwengu wa kubuni unaruhusu mengi, lakini yanayofundishwa jandoni na unyagoni yana wenyewe. Gema, upepo, korosho, magofu ya matumbawe kama ya Kilwa Kisiwani, hayo chukua uyageuze utakavyo. Lipiko, kinyago cha ngoma ya Wamakonde, si sura ya kumvalisha adui ili auawe mezani. Ukiwa na shaka, muulize mzee kabla, na akikataa acha.

Vifaa ni vichache: manila, rula, penseli, na bikari ya kwenye mkebe wa shule. Fungua bikari sentimita 2, chora duara, kisha bila kuibana wala kuitanua tembeza mguu wake juu ya mstari wa duara. Itatua mara sita na kurudi palepale ulipoanzia. Unganisha alama hizo, kata kwenye boksi gumu, na hiyo ndiyo kalibu yako, yenye upana wa karibu sentimita 3.5 toka ubavu hadi ubavu. Chora chumba kimoja cha katikati, kizungushie sita, kisha kumi na mbili. Jumla 19. Kwa kilomita 10 kila kimoja, hiyo ni nchi ya kilomita za mraba kama 1,650, na kikundi chenye kukutana kila Jumamosi hakitaimaliza upesi.

Katika hivyo 19, vilivyo jirani na bandari andika kwa kirefu, vya mbali mstari mmoja mmoja. Karatasi hiyo ni yako, ifunike. Ya wachezaji iwe na vyumba vitupu, isipokuwa bandari, na penseli iwe juu yake. Mpe anayekaa karibu na mlango.