Siku kumi Vietnam: anza kwa kutafuta pa kulala shamba

Ukipanga safari fupi ya Vietnam, tafuta kwanza pa kulala shamba, pa mjini baadaye. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanachukua hoteli Hanoi, asubuhi wanapanda basi la watalii kwenda Ninh Binh, yapata kilomita 95 kusini, wanafika saa nne au saa tano jua likishakuwa kali, wanapanga foleni ya mitumbwi pamoja na mabasi mengine yote, na saa kumi jioni wanarudishwa mjini. Mashamba ya mpunga wameyaona, ni kweli. Lakini alfajiri na magharibi, saa ambazo shamba linapendeza, wamezimalizia barabarani.

Mimi ni mtu wa Mtwara na kazi yangu ni korosho. Korosho yetu ghafi kwa sehemu kubwa hupakiwa melini kwenda kubanguliwa India na Vietnam, na hiyo ndiyo iliyonipeleka huko mwanzo. Tangu hapo kila ndugu au rafiki anayetaka kwenda kutembea hunipigia simu, nami huwapa mpango huuhuu, nikiupunguza au kuuongeza kufuatana na miguu ya mtu na mfuko wake.

Usitake kuimaliza nchi

Reli ya kutoka Hanoi hadi Saigon ina kilomita 1,726. TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina 1,860. Aliyewahi kupanda TAZARA ataelewa mara moja kwamba hii si nchi ya kumalizwa ndani ya siku kumi. Chagua vipande: Hanoi na Ninh Binh kaskazini, Hue na Hoi An katikati, Saigon kusini. Milima ya Sapa na Ha Giang iache kwa safari nyingine.

Wengi hunigombeza nikiwaambia waiache na Ghuba ya Ha Long. Ni pazuri, UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia tangu 1994, lakini kuifaidi ni mpaka ulale melini, na hapo siku mbili zimekwenda. Ninh Binh ina majabali ya chokaa ya namna ileile, ila yamesimama katikati ya mpunga na mito, na unayazunguka kwa baiskeli. Kama una wiki moja tu, baki kaskazini, gawa siku zako kati ya Hanoi na Ninh Binh, urudi nyumbani kutokea Hanoi.

Kwa mwenye siku kumi, nunua tiketi ya ndege inayoingilia Hanoi na kutokea Saigon, ambayo kwenye tiketi utaiona kama Ho Chi Minh City. Ndege zinazopitia Doha na Dubai zinafika miji yote miwili. Usinunue ya kwenda na kurudi uwanja mmoja, maana utapoteza siku nzima kurudi ulikotoka.

Mwezi gani

Hali ya hewa ya Vietnam haifanani nchi nzima. Desemba na Januari Hanoi kuna baridi ya kuvaa sweta na koti, huku Saigon watu wanatoka jasho. Pwani ya katikati hupata mvua nzito kuanzia Septemba, na Oktoba na Novemba maji ya mto huingia mpaka kwenye mitaa ya Hoi An. Kusini mvua ni kati ya Mei na Novemba. Kwa njia hii niliyoitaja, Machi na Aprili ndizo zinazofaa kote. Mwenye kutaka kuona mpunga wa Tam Coc, kule Ninh Binh, umeiva, rangi ya dhahabu tupu, aende mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, akubali joto.

Epuka siku za Tet, mwaka mpya wao, unaoangukia mwishoni mwa Januari au Februari. Familia zote zinasafiri, treni zinajaa, na migahawa mingi hufungwa.

Viza, hela na simu

Viza huombwa kwenye mtandao. Tangu Agosti 2023 raia wa nchi zote wanaweza kuiomba, na inafika hadi siku 90. Ya kuingia mara moja ni dola 25. Tumia tovuti ya serikali yenyewe, evisa.gov.vn. Zipo nyingine nyingi zinazofanana nayo ambazo ni za mawakala na bei yake iko juu. Andika majina yako yote kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na hakikisha umechagua Noi Bai, wa Hanoi, kuwa uwanja wa kuingilia na Tan Son Nhat, wa Saigon, kuwa wa kutokea. Omba wiki tatu kabla. Ikija, ichapishe kwenye karatasi, na usiache kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano.

Hela yao ni dong, na dola moja ni zaidi ya dong 25,000. Sasa tazama vizuri: noti ya 20,000 na noti ya 500,000 zote ni za plastiki na zote zina rangi ya buluu. Kwenye taa hafifu za soko la usiku mtu anatoa 500,000 akidhani ni 20,000. Ya 20,000 ina picha ya daraja lenye paa, lile la Hoi An. Ya 500,000 ina nyumba aliyokulia Ho Chi Minh, kiongozi wao wa uhuru. Mimi noti za 500,000 naziweka mfuko wa peke yake, na malipo ya barabarani nalipa kwa ndogo. Dola unazobeba ziwe mpya, zisizo na mikunjo wala maandishi.

Laini ya simu nunua ya Viettel. Wenye Halotel huku Tanzania na Lumitel kule Burundi ni haohao. Ukishapata bando, weka programu ya Grab: inaita teksi au bodaboda, bei unaiona kabla hujapanda, na unaweza kulipa taslimu. Umeme wao ni volti 220, karibu sawa na wetu, lakini plagi zetu za miguu mitatu ya mraba haziingii kwenye soketi nyingi, kwa hiyo beba adapta. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa nne, na tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 20:50 ni saa mbili na dakika hamsini usiku.

Hanoi: usiku mara mbili

Lala mji mkongwe, karibu na ziwa la Hoan Kiem. Ukiweza kupanga, uwe hapo mwisho wa wiki. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku barabara za kando ya ziwa hufungwa magari, na mji mzima hutoka na watoto, bibi na babu. Siku nyingine inabidi ujue kuvuka barabara. Pikipiki hazisimami. Subiri kapenyo, kisha tembea kwa mwendo mmoja, polepole, usikimbie na wala usirudi nyuma. Waendeshaji wanakupimia na kukuzunguka. Basi na lori hazikuzunguki, hizo zipishe.

Nenda Hekalu la Fasihi, lililoanzishwa mwaka 1070, ukaone mawe 82 yaliyobebwa na kasa wa mawe, yamechongwa majina ya waliofaulu mitihani mikubwa ya ufalme. Kaburi la Ho Chi Minh liko wazi asubuhi tu, Jumatatu na Ijumaa linafungwa. Mabega na magoti yafunikwe.

Kwa sisi tunaokula halali, kaskazini panataka uangalifu, maana nguruwe yumo hadi kwenye mboga. Kuna msikiti wa Al-Noor mtaa wa Hang Luoc, ndani ya mji mkongwe, na humo utapata watu wa kukuelekeza. Kwingineko tafuta kibao kilichoandikwa CHAY. Ni migahawa ya chakula kisicho na nyama, iko kila mji, na ni rahisi. Hata hiyo supu yao ya tambi za mchele, pho, wanayo ya uyoga, na ukiijaza majani mabichi na kuikamulia ndimu, shibe yake ni ya kufika mchana.

Tam Coc: hapa usipunguze

Kutoka Hanoi hadi Ninh Binh ni kama saa mbili, kwa treni au gari dogo. Fikia Tam Coc, kwenye nyumba za wageni za kifamilia. Nyingi zinakupa baiskeli bila malipo au kwa hela kidogo. Siku ya kufika usifanye mengi. Panda baiskeli saa kumi jioni, fuata njia ya hekalu la Bich Dong, kilomita mbili tatu hivi, mpunga kulia na kushoto. Wakati huo mabasi yanageuza kurudi Hanoi. Bata wanaswagwa kurudi nyumbani, wazee wamekaa barazani, na kila mtoto anakusalimia. Kwa mtu mweusi, salamu huwa nyingi zaidi, na kuna watakaoomba kupiga picha nawe. Mama mmoja aliniomba kwa ishara aguse nywele zangu, nikamwachia, kisha akaingia ndani akaniletea ndizi. Usipotaka, tikisa kichwa ukitabasamu, hawalazimishi.

Asubuhi yake damka, uwe kwenye gati la Trang An saa moja, linapofunguliwa. Eneo hili UNESCO iliorodhesha mwaka 2014 kwa utamaduni na kwa asili pia. Mtumbwi mmoja huchukua watu wanne na mpiga kasia, aghalabu mwanamke wa makamo, na mzunguko ni karibu saa tatu. Utachagua njia mojawapo kati ya zilizobandikwa pale. Mitumbwi inapita chini ya majabali, ndani ya mapango. Mengine paa lake liko chini kiasi kwamba mnainama mpaka kifua kiguse mapaja, na mpiga kasia anapeleka mtumbwi katikati ya mawe bila kugusa upande wowote. Kuna matone, kuna ubaridi wa ghafla, halafu mnatokea kwenye bwawa la kijani lililozungukwa na milima pande zote. Ukishuka, mpe bakshishi yake mkononi. Ni kazi ya mikono na mgongo, na zamu hazimfikii kila mara.

Pale Tam Coc penyewe, kwenye mto Ngo Dong, wapiga kasia hutumia miguu. Wanajiegemeza nyuma, nyayo kwenye makasia, na mikono inabaki huru kushika mwavuli. Ukiwa na muda wa mtumbwi mmoja tu, kwa maoni yangu chukua Trang An, isipokuwa kama ni msimu wa mpunga kuiva, hapo Tam Coc haina mpinzani. Kupanda ngazi za kilima cha Hang Mua, zipatazo 500, weka asubuhi mapema au jua likishapoa.

Treni ya usiku, kisha treni ya mchana

Uzuri wa Ninh Binh ni kwamba iko kwenye reli kuu. Huna haja ya kurudi Hanoi. Panda treni ya usiku hapohapo, kitanda laini kwenye chumba cha watu wanne, na asubuhi uko Hue. Nunua tiketi mapema, kitanda cha chini, hasa kama una mzee.

Hue ulikuwa mji wa wafalme wa Nguyen kuanzia 1802 hadi 1945. Ngome yao iliumizwa vibaya na vita ya 1968, na bado inajengwa upya kipande kwa kipande. Ipe asubuhi, mchana nenda makaburi ya wafalme, mawili yanatosha: la Minh Mang kwa utulivu wake na la Khai Dinh kwa mapambo. Lala usiku mmoja.

Kutoka Hue kwenda Da Nang usipande gari. Treni ni chini ya saa tatu, inapanda kando ya mlima wa Hai Van bahari ikiwa chini yako. Kaa upande wa kushoto, na iwe ya mchana. Da Nang usikae, chukua gari moja kwa moja hadi Hoi An, kilomita 30 hivi, maana huko hakuna reli.

Hoi An mchana ni joto na umati, kwa hiyo mchana toka kwa baiskeli kwenda bustani za mboga za Tra Que, na mji wa kale urudie alfajiri. Ukitaka kushona, mpelekee fundi cherehani kipimo siku ya kufika, ili ya pili ujaribu na arekebishe.

Saigon na mto Mekong

Da Nang hadi Saigon panda ndege, ni kama saa moja na nusu. Fikia katikati ya mji, eneo lililokuwa Wilaya ya Kwanza hadi 2025. Msikiti wa mtaa wa Dong Du umekuwepo tangu 1935, na jirani yake kuna migahawa ya halali. Ukumbi wa posta wa zamani na makumbusho ya vita vinatosha siku moja. Makumbusho yale usiende na watoto wadogo, picha zake ni nzito. Soko la Ben Thanh utakuta korosho zimekaangwa na ganda lake jembamba la ndani. Onja kabla ya kununua, na angalia tarehe iliyo kwenye pakiti.

Watu wa pwani watajisikia nyumbani Ben Tre, eneo la minazi, kama kilomita 85 kutoka Saigon, unakwenda na kurudi. Lakini ukiweza kuongeza usiku, ongeza Can Tho, mji wa kwenye delta ya Mekong, kwa sababu ileile ya Tam Coc. Soko la majini la Cai Rang ni la alfajiri, na saa tatu limekwisha. Mwambie mwenye nyumba usiku akupatie mtumbwi mdogo wa kuondoka saa kumi na moja, kwa sababu mikubwa haiingii kati ya wauzaji. Kila mashua ya jumla imetundika mtini bidhaa inayouza: nanasi, kabichi, maboga. Kurudi Saigon ni karibu saa nne kwa basi, kwa hiyo ndege ya kurudi nyumbani iwe ya usiku au ya kesho yake.