Namna ya Kuchagua Njia ya Kutuma Mshahara Nje ya Nchi kwa Mgeni Anayefanya Kazi Mwanza

Mimi ni mhasibu. Kwa miaka kumi na minne nimeandaa mishahara ya wafanyakazi wa kigeni katika ofisi mbalimbali za Mwanza. Sehemu ya kazi hiyo, ingawa haikuandikwa popote katika mkataba wangu, imekuwa kuwasaidia kutuma fedha makwao: mwalimu wa Uganda anayesomesha watoto Masaka, fundi mitambo wa Kihindi katika kiwanda cha minofu ya sangara, daktari wa Kijerumani anayelipia bima ya kwao, Mkenya ambaye mama yake yuko Kisumu, ng'ambo tu ya ziwa hili hili. Karibu wote huanza kwa kuuliza ni benki gani hapa mjini yenye ada ndogo, na kwa kuanza hapo wengi wao huishia kulipa zaidi bila kujua. Ada imebandikwa ukutani, kila mtu anaiona. Gharama kubwa hukaa ndani ya bei ya dola. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: ili mpokeaji apate kiasi fulani kamili mkononi mwake, ni shilingi ngapi zitatoka mfukoni mwangu? Hatua zifuatazo zimepangwa ili kulijibu swali hilo.

Hatua ya kwanza: anza na mpokeaji

Kabla hujaenda benki, mpigie simu mpokeaji umuulize anataka kupokea wapi, kwa fedha gani, na akaunti yake imeandikwa kwa majina yapi. Mama wa Kisumu asiye na akaunti ya benki hahitaji SWIFT, yaani mtandao ambao benki za nchi mbalimbali hutumiana maagizo ya malipo. Anahitaji fedha ifike kwenye simu yake. Kampuni ya bima ya München, kwa upande wake, haiwezi kupokea chochote isipokuwa yuro katika akaunti.

Kila nchi ina namba zake, na ni vyema uziandike zote kwenye karatasi moja. Ujerumani, Uingereza na Ufaransa hutumia IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, ambayo kwa Ujerumani na Uingereza ina herufi na tarakimu 22, na kwa Ufaransa 27. Ndani yake zimo tarakimu mbili za ukaguzi, kwa hiyo ukikosea namba moja, mfumo wa benki kwa kawaida huigundua kasoro hiyo hapo hapo. India hutumia msimbo wa IFSC wenye herufi na tarakimu 11: nne za mwanzo ni za benki, ya tano ni sifuri, na sita za mwisho ni za tawi. Marekani haina IBAN. Huko utaombwa namba ya utambulisho wa benki yenye tarakimu 9. Uganda na Kenya nazo hazina IBAN, na kwa sababu hiyo namba ya akaunti ya huko ikaguliwe kwa macho ya watu wawili. Pamoja na hayo yote, utahitaji msimbo wa SWIFT wa benki inayopokea, ambao una herufi na tarakimu 8 au 11.

Majina nitayasisitiza kwa sababu yamewahi kunitesa. Mwalimu mmoja alituma karo Uganda kwa kutumia majina matatu ya mpokeaji kama yalivyo kwenye pasipoti, ilhali akaunti ilifunguliwa kwa majina mawili, tena kwa mpangilio mwingine. Baada ya siku kumi na moja karani wa benki alimpigia simu: "Mwalimu, pesa imerudi. Jina halikulingana." Ilirudi ikiwa imekatwa ada ya kwenda na ya kurudi, na bei ya dola ilikuwa imepanda katikati. Tangu hapo huwaomba watu wapate picha ya taarifa ya benki ya mpokeaji, kisha tunaandika jina herufi kwa herufi kama lilivyo pale.

Hatua ya pili: andaa nyaraka kabla ya kuhitaji kutuma

Mgeni anayetuma mshahara wake huombwa pasipoti, kibali cha kazi, kibali cha ukaazi, mkataba wa ajira, hati ya mshahara na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi. Anayelipa karo huombwa ankara ya chuo. Anayelipia matibabu huombwa ankara ya hospitali. Wengi huliona jambo hili kama usumbufu wa makusudi, lakini benki inawajibika kisheria kujua chanzo cha fedha na sababu ya kuituma, chini ya sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu ya 2006. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakasishaji wa fedha haramu, katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na ikaondolewa Juni 2025. Katika kipindi hicho niliona maswali kutoka benki za Ulaya yakiongezeka, na sitarajii kwamba yatakoma ghafla.

Hakikisha kiasi unachotuma kinaelezeka kwa hati ya mshahara. Anayelipwa shilingi milioni nne kwa mwezi kisha akataka kutuma milioni kumi na mbili kwa mkupuo ataulizwa, na jibu la kwamba ameweka akiba kwa miezi mitatu linakubalika iwapo taarifa ya akaunti inaonyesha hivyo. Kwa sababu hiyo mshahara upitie benki, usikae kabatini.

Hatua ya tatu: chuja njia zisizokufaa

Hapa wageni wengi hupotezwa na ushauri wanaousoma kwenye intaneti, ambao umeandikwa kwa ajili ya watu waliopo Ulaya au Marekani. Huduma za mtandaoni kama Wise na Remitly zinasifiwa, na sifa nyingine ni za haki, lakini zimejengwa kwa ajili ya fedha inayotoka huko kuja huku. Shilingi iliyomo katika akaunti yako ya Mwanza hazipokei. Kama sehemu ya mshahara wako hulipwa na mwajiri wa nje moja kwa moja katika akaunti yako ya nyumbani, basi huduma hizo zina manufaa kwako kwa upande wa kuleta fedha ya matumizi, na huenda usihitaji kutuma chochote kutoka hapa. Huo ndio mpango ninaoupenda kuliko yote: kumwomba mwajiri, kabla ya kusaini mkataba, agawe mshahara katika sehemu mbili. Tahadhari yake ni moja tu, kwamba kodi ya mapato ya kazi iliyofanyika Tanzania inadaiwa Tanzania, hata kama sehemu ya mshahara ililipwa Berlin.

Kwa fedha inayotoka hapa, zinabaki njia tatu.

Ya kwanza ni pesa ya simu inayovuka mpaka. Tangu 2015 mteja wa M-Pesa wa Vodacom anaweza kutuma kwenda M-Pesa ya Safaricom nchini Kenya, na mitandao mingine nayo ina njia zake za kwenda nchi jirani. Ni ya haraka na inafaa kwa kiasi kidogo. Hata hivyo, angalia kiwango cha kubadilishia fedha kinachoonyeshwa kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri, kwa maana faida ya mtandao imo humo.

Ya pili ni kampuni za kutuma fedha taslimu, kama Western Union na MoneyGram, ambazo mpokeaji huchukua fedha dirishani kwa kitambulisho na namba ya muamala. Naitumia pale ambapo mpokeaji hana akaunti wala simu ya kupokelea, au mgonjwa yuko hospitali na fedha inahitajika leo.

Ya tatu ni benki, na kwa mtu anayetuma kila mwezi ndiyo njia kuu. Ndani yake kuna tofauti ambayo makarani wachache huitaja bila kuulizwa. Ukituma Kenya kwa utaratibu wa kawaida wa SWIFT, shilingi yako hubadilishwa kuwa dola, kisha dola hubadilishwa kuwa shilingi ya Kenya, na kila mara anayebadilisha huchukua chake. Benki kuu za Afrika Mashariki zina mfumo wao wa malipo, unaoitwa EAPS, unaoruhusu malipo baina ya nchi wanachama kwa fedha zao wenyewe. Muulize karani waziwazi: "Mnaweza kunitumia kwa EAPS?" Kama hajui, omba kuonana na mtu wa kitengo cha malipo ya nje, kuna siku utalazimika kusubiri, lakini subiri.

Sababu ya kuhangaika hivyo ni kwamba njia za kutuma fedha kutoka Tanzania kwenda kwa majirani zake zimejitokeza mara kwa mara miongoni mwa zile ghali kuliko zote duniani katika vipimo vya Benki ya Dunia, ambavyo hutumia kiasi cha dola 200 kama mfano. Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka gharama ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa Kampala iko karibu kuliko London, kutuma Kampala ni rahisi zaidi.

Kuna njia ya nne, ya kumpa dereva wa basi la Sirari au mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni bahasha aifikishe. Imewafaa wengi kwa miaka mingi, nami sitajifanya siijui, lakini haina risiti wala mtu wa kumdai. Na anayevuka mpaka na fedha taslimu ya dola 10,000 au zaidi anatakiwa kuitangaza kwa maofisa wa forodha.

Hatua ya nne: piga hesabu ya shilingi zinazotoka

Fungua kwanza tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, ambayo hutoa kila siku ya kazi bei ya kununua, bei ya kuuza na wastani wake. Wastani huo hutauziwa na mtu yeyote, lakini ndio rula yako. Kisha tembelea au pigia simu benki angalau mbili siku hiyo hiyo, na uombe mambo mawili: bei ya kuuza dola kwa ajili ya kutuma nje, ambayo huenda isifanane na ile ya noti, na jumla ya ada ikiwa na kodi ndani yake.

Chukua mfano huu, ambao bei zake nimezibuni kwa ajili ya hesabu tu. Benki ya kwanza inauza dola kwa shilingi 2,560 na ada yake ni dola 40. Ya pili inauza kwa shilingi 2,600 na ada yake ni dola 20. Ukituma dola 300, ya kwanza itakugharimu shilingi 870,400 na ya pili 832,000. Ya pili ni nafuu. Ukituma dola 3,000, ya kwanza itachukua 7,782,400 na ya pili 7,852,000, na sasa ile yenye ada kubwa ndiyo nafuu kwa shilingi 69,600. Katika mfano huu zinalingana kwenye dola 1,260: chini ya hapo tazama ada, juu ya hapo tazama bei. Kila jozi ya benki ina mpaka wake, na ukishaupata wako utajua pia kama ni heri kutuma mara moja kwa miezi miwili badala ya kila mwezi.

Mwenye akaunti ya dola, ambaye mshahara wake uliingia kwa dola, aepuke kuzigeuza kuwa shilingi na kuzinunua tena. Kanuni za 2025 zinazokataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni hazikufuta akaunti hizo.

Hatua ya tano: amua nani analipa ada za njiani

Benki ya Mwanza na ile ya Pune, India, mara nyingi hazina akaunti baina yao, kwa hiyo fedha hupitia benki ya tatu, na hiyo nayo hukata. Kwenye fomu utaona OUR, SHA na BEN. OUR maana yake mtumaji analipa zote. SHA, kila upande unabeba zake. BEN, zote zinakatwa kwa mpokeaji. Kwa karo, bima au kodi ya nyumba chagua OUR, kwa kuwa chuo kilichodai yuro 1,500 kikapokea 1,482 huhesabu kwamba hujamaliza kulipa. Kwa fedha ya matumizi ya familia, SHA inatosha.

Hatua ya sita: tuma, kisha fuatilia

Mara ya kwanza tuma kiasi kidogo, hata kama ada yake inauma, na usitume kikubwa hadi mpokeaji athibitishe kilichofika. Akaunti ya malipo ikibadilishwa kwa barua pepe, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, kamwe usitumie ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Utapeli wa aina hii unawapata hata wahasibu.

Fika benki asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi. Saa nne asubuhi hapa, London wakati wa baridi ni saa moja asubuhi na New York ni saa nane usiku, kwa hiyo maombi ya asubuhi huwa mezani wakati wenzao wanafungua, ilhali ya Ijumaa jioni hulala hadi Jumatatu. Mwanzoni mwa Julai kuwa mwangalifu zaidi, maana Wamarekani wana sikukuu tarehe 4 na sisi Saba Saba.

Omba nakala ya ujumbe wa SWIFT, ambayo watu wa benki wameizoea kwa jina la MT103, pamoja na namba ya ufuatiliaji ya UETR yenye herufi, tarakimu na vistari 36. Siku tano za kazi zikipita bila fedha kufika, mtumie mpokeaji nakala hiyo aipeleke benki yake, nawe uandike barua ya kuomba ufuatiliaji benki yako, igongwe mhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala yenye mhuri huo.