Namna ya Kutembelea Maonyesho ya Picha Dhahania Chuoni

Kabla ya kwenda kutazama picha dhahania, yaani michoro isiyoonyesha watu au vitu halisi, hakikisha saa za kufunguliwa na kama wasio wanafunzi wanaruhusiwa kuingia, kwa kuwa kumbi nyingi za chuo hufuata ratiba ya masomo na huenda zikafungwa wakati wa likizo. Siku ya ufunguzi inafaa zaidi kwa kukutana na wachoraji. Kwa kutazama, chagua siku ya kawaida ambapo vipindi vinaendelea na ukumbi umetulia. Begi la mgongoni liache mapokezi au livae kifuani, maana mwenye begi akigeuka ghafla huwa ndiye wa mwisho kujua kwamba limekwaruza turubai, yaani kitambaa kilichochorwa picha.

Ukishaingia, zunguka ukumbi wote mara moja bila kusimama, kisha uchague picha tatu au nne zilizokuvuta au hata zilizokuudhi. Utafiti uliofanywa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kuchapishwa mwaka 2001 ulibaini kwamba watazamaji walitumia wastani wa sekunde 27 hivi kwa kila kazi. Muda huo unatosha kutambua uso wa mtu au mashua iliyo majini, lakini picha dhahania haina kitu cha kutambuliwa upesi, kwa hiyo ipe kila uliyoichagua dakika kumi nzima.

Katika dakika hizo, liweke kando swali la "hii ni picha ya nini?" Anza kwa mbali, ukiangalia jicho lako linatua wapi kwanza na linasukumwa kuelekea wapi: rangi ipi inasogea mbele, ipi inarudi nyuma, na upande upi unaonekana mzito. Kisha sogea karibu, bila kugusa, kwa sababu mafuta ya vidole hubaki juu ya rangi. Mark Rothko, mchoraji wa Marekani wa picha dhahania, alipendekeza turubai zake kubwa zitazamwe kutoka sentimita 45 hivi, ili rangi imzunguke mtazamaji. Na picha za Mholanzi Piet Mondrian, za mistari na miraba ya rangi, ambazo kwa mbali hudhaniwa kuwa zimenyooka na kulainika kabisa, kwa karibu huonyesha mipigo ya brashi hata katika sehemu nyeupe.

Mahali ninapopapenda zaidi ni ukingoni, ambapo wengi hawapatazami. Ikiwa turubai haina fremu, simama ubavuni uangalie pale ilipokunjwa: mara nyingi utaona tabaka za chini zikichungulia, pengine chungwa chini ya buluu ambayo ulidhani ni ya tangu mwanzo. Michirizi ya rangi nayo hutoa ushahidi, kwani ikiwa imetiririka kwenda kando au juu, ujue turubai iligeuzwa wakati kazi ikiendelea.

Maelezo ya ukutani yasome baada ya hapo. Usishangae kukuta "Bila Jina" au namba tupu. Mchoraji wa Marekani Jackson Pollock alianza kuzipa picha zake namba mwaka 1948. Taarifa yenye faida zaidi ni ya vifaa: akriliki, rangi inayochanganywa na maji, hukauka haraka na kumlazimu mchoraji kuamua upesi, ilhali rangi za mafuta hubaki mbichi kwa siku kadhaa na huweza kuchanganywa papo hapo juu ya turubai. Angalia pia picha imetundikwa wapi. Mwaka 1915, mjini Petrograd (sasa St. Petersburg, Urusi), mchoraji Kazimir Malevich aliitundika picha yake ya mraba mweusi juu kwenye kona, mahali ambapo katika nyumba za Warusi ziliwekwa picha takatifu, na nafasi hiyo peke yake ilikuwa hoja.

Uzuri wa maonyesho ya chuo ni kwamba mchoraji huenda yupo jengo hilohilo. Ukimpata, usimuulize picha inamaanisha nini. Muulize alijuaje kwamba imekamilika, au ni kitu gani alikifuta, na hapo mazungumzo yatakwenda mbali. Ukiruhusiwa kupiga picha, zima mwanga wa kamera, na baada ya kila mchoro upige pia maelezo yake ili usije ukavichanganya. Kwenye kitabu cha wageni taja mchoro mmoja na sehemu yake iliyokushika, kwa sababu "hongera" tupu haimsaidii mwanafunzi anayekwenda kuitetea kazi yake mbele ya walimu.