Somo: AC haipozi? Osha kwanza kabla hujalipia gesi

Wadau habari zenu. Kiangazi ndo hiki, hapa Uganda Desemba mpaka Februari ni jua na vumbi jekundu, na kila mwaka ikifika saa hizi malalamiko yanakua yaleyale: AC haipozi, AC inamwaga maji ukutani, yaka (umeme wa kulipia kabla) inaisha haraka kuliko zamani. Na fundi akiitwa jibu lake nalo ni lilelile, mzee gesi imeisha, toa hela tujaze. Hapo ndo roho inaniuma, manake gesi ya AC haiishi. Sio ile ya kupikia inayoungua. Hii inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa, inachukua joto la chumbani inalitupa nje alafu inarudi tena, na kama hakuna palipotoboka basi gesi ileile ya siku ya kwanza ndo itatumika mpaka mashine inazeeka. Ukiambiwa imeisha maana yake inavuja mahali, na pasipozibwa utajaza leo na utajaza tena. Lakini mara nyingi wala haijavuja, ni uchafu tu, na uchafu unaoshwa nyumbani kwa sabuni ya vyombo.

Naongelea AC za ukutani, zile zenye kichwa ndani na mashine yake nje, ndizo nyingi majumbani. Tafuta brashi laini (ya kupakia rangi inafaa, au mswaki wa zamani), sabuni ya maji, chupa ya kupulizia, kaveera (mifuko ya plastiki) kubwa mbili, selotepu, tochi, ndoo na vitambaa. Jiki iache bafuni, inakula alumini.

Hatua ya 1: Zima kwenye breka, sio rimoti

Rimoti inailaza tu mashine, umeme bado uko ndani. Shusha breka ya AC (ile swichi ya kwenye boksi la umeme) na uwaambie watu wa nyumbani wasiipandishe, hasa watoto. Kisha subiri dakika chache feni isimame kabisa.

Hatua ya 2: Filta

Fungua mfuniko wa mbele, unanyanyuka juu kwa kushika pembeni zote mbili. Ndani utaona nyavu mbili za plastiki, hizo ndo filta, zitoe taratibu. Gonga vumbi likiwa bado kavu, ukilowesha kwanza linageuka tope na linang'ang'ania. Alafu osha kwa maji ya bomba ukipitisha maji kutoka upande wa nyuma, yani upande ule usio na vumbi, ili uchafu usukumwe utoke kulikoingilia. Sabuni kidogo kama kuna mafuta ya jikoni. Anika kivulini, jua kali linaipinda plastiki na ikipinda haikai tena vizuri. Usirudishe ikiwa mbichi.

Kila lini? Wale wa barabara ya murram kiangazi hiki kila wiki mbili, wengine kila mwezi inatosha. Hii hatua peke yake inamaliza nusu ya malalamiko, na haiitaji fundi wala senti.

Hatua ya 3: Koili ya ndani

Ukitoa filta utaona nyuma yake vibati vyembamba sana vya alumini vimepangwa karibu karibu. Hapo ndo ubaridi unapotengenezwa. Mulika na tochi. Kama huoni katikati ya vibati, umeona utando wa kijivu, basi hewa haipiti na AC yako inahangaika bure, kompresa (ile pampu ya mashine ya nje inayozungusha gesi) inazunguka masaa na chumba hakipoi.

Funika sehemu ya umeme kwanza, mara nyingi iko upande wa kulia wa kichwa, ziba na kaveera na selotepu vizuri mpaka uhakikishe tone halipiti. Weka vitambaa chini. Piga brashi kavu kufuata vibati, juu kwenda chini, usikate kwa upande manake vinalala na vikilala hewa inazibwa tena. Alafu changanya sabuni kidogo na maji kwenye chupa, pulizia, acha dakika kumi, kisha pulizia maji matupu mpaka yatoke safi. Maji yenyewe yatashukia kwenye trei na kutoka nje kwa paipu, na hapo utapata jibu la hatua inayofuata bure kabisa.

Ukichungulia kwenye mdomo wa kutolea hewa kuna feni ndefu ya mviringo. Ikiwa na ukungu mweusi ndo inayoleta ile harufu ya nguo zilizokaa mbichi. Unaweza kuisugua kidogo kidogo kwa mswaki, ila kama imejaa sana mwachie fundi aifungue, ukiilazimisha itapinda na baada ya hapo AC itakua inapiga kelele kila siku.

Hatua ya 4: Njia ya maji

Watu wengi hawaijui hii na ndo inayoharibu rangi za kuta zao. AC ikipoza hewa inakamua unyevu, na sisi huku karibu na ziwa unyevu tunao wa kutosha, kwa hiyo maji yanatoka mengi, ndoo nzima kwa siku sio ajabu. Yanashuka kwenye trei, yanaingia kapaipu kembamba, yanatoka nje. Vumbi likichanganyika na hayo maji linafanya utelezi, kamasi fulani hivi, linaziba paipu, na trei ikijaa maji yanarudi chumbani.

Mwaga maji kikombe kimoja polepole kwenye trei huku mtu mwingine anaangalia nje. Yakitoka haraka, sawa. Yakichelewa au yasipotoka, nenda mwisho wa paipu nje, utoe uchafu kwa waya laini, au uvute kwa mashine ya kufyonza vumbi inayoweza kunyonya maji. Usipulize kwa mdomo kutoka nje, unaurudisha uchafu kwenye trei. Ikishafunguka mwaga nusu kikombe cha siki nyeupe, acha nusu saa, suuza. Angalia pia paipu isiwe imezama ndani ya ndoo ya kukingia maji wala haijapanda juu mahali popote, maji hayapandi mlima.

Hatua ya 5: Mashine ya nje

Breka bado iko chini. Ondoa majani, viota, makaveera yaliyoletwa na upepo. Acha nafasi wazi, mtu anaegemeza mabati na magunia ya mkaa kwenye AC alafu anashangaa haipozi! Kazi ya ile mashine ni kutupa joto nje, ukiifungia inalimeza tena.

Osha koili ya nyuma kwa maji ya bomba la kawaida, maji yaingie moja kwa moja yasipige kwa pembeni. Tafadhali sana msiite kijana na mashine ya kuoshea boda, ule msukumo unalaza vibati vyote. Na usifungue mfuniko wa umeme, ndani kuna kapasita, kifaa kinachosaidia mota kuanza, nayo inatunza umeme ndani yake hata breka ikiwa chini, inaweza kukurusha vibaya. Mijusi na sisimizi wakiingia humo wanaunguza bodi, hio ni kazi ya fundi.

Mwisho tazama ile sponji nyeusi iliyovaa bomba kubwa. Jua linaikausha inakatika, bomba likibaki uchi ubaridi unapotelea njiani. Nunua nyingine, vaa, zungusha selotepu nzito.

Hatua ya 6: Ipime

Kila kitu kikishakauka washa, weka nyuzi 20 feni ya juu, subiri dakika 15. Chukua kipimajoto cha kawaida, pima hewa inayoingia juu na inayotoka chini. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12 mashine yako ni nzima, irudishe nyuzi 24 au 25 uendelee na maisha. Ikiwa chini sana na umeosha kila kitu, sasa ndo umwite fundi.

Na akija usikae ndani unaangalia mpira, simama naye. Kabla ya kujaza muulize uvujaji uko wapi, akuonyeshe, hata kwa povu la sabuni kwenye maungio. Baada ya kuziba lazima avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, alafu apime gesi kwa mzani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Hicho kibandiko kinasema pia aina ya gesi: R22 kwa za zamani, R410A au R32 kwa za karibuni. Hazichanganywi. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi wa sigara mdomoni mrudishe kwao. R22 nayo inaharibu tabaka la ozoni na iko kwenye orodha ya kuondolewa duniani chini ya mkataba wa Montreal wa 1987, kwa hiyo asiiachie hewani eti anasafisha. Asiye na mzani wala pampu huyo anakisia kwa hela yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Mapacha, Ntinda: Asante kwa somo kaka. Yangu inatengeneza barafu kabisa kwenye bomba, fundi kasema ndo dalili gesi imeisha. Ni kweli?

Nnyabo inaweza kua kweli na inaweza isiwe. Barafu inakuja gesi ikipungua, lakini pia inakuja hewa isipopita kwa ajili ya filta na koili chafu. Zima upoozaji, acha feni peke yake ipulize saa moja au mbili mpaka barafu iyeyuke yote, usiigongegonge na kisu tafadhali. Fanya hatua ya 2 na ya 3 alafu washa. Isiporudi umeokoa hela. Ikirudi, fundi atafute panapovuja.

Kijana wa Entebbe: Huku kwetu tatizo sio vumbi ni vile vidudu vya ziwani, vikija usiku vinajaa kwenye mashine ya nje mpaka inanuka.

Hao nawajua, wanafuata taa. Kwanza hamisha au zima taa iliyo karibu na mashine. Pili wakishapita usisubiri wakauke, asubuhi hiyohiyo zima breka upige maji, wakikauka wanagandamana na vumbi na kuwatoa ni kazi. Usiweke neti ya mbu kuizunguka mashine, utaziba hewa na kompresa itachemka.

Mzee wa Gulu: Mwanangu, umeme ukikatika na kurudi AC inagoma, au inawaka na kuzima. Nimeosha yote.

Shikamoo mzee. Hapo sio uchafu, ni umeme. Kompresa ikizimwa ghafla inahitaji dakika 3 mpaka 5 presha ya ndani isawazike, ukiilazimisha mapema inashindwa kuanza. Mashine nyingi zinasubiri zenyewe lakini kinga nzuri ni kile kifaa cha kulinda AC, kinakata umeme ukipanda au ukishuka sana na kinachelewesha kuwasha. Umeme ukikatika tu shusha breka, ukirudi subiri utulie. Na kama feni ya nje inazunguka lakini kompresa inaguruma tu bila kuanza, mara nyingi kapasita imechoka, sio kitu cha bei kubwa, fundi asikuuzie kompresa nzima kabla hajaipima.

Dada wa Bweyogerere: Yaka yangu inakwenda mbio. AC ya BTU 12,000 (kile kipimo cha nguvu ya kupoza) inakula kiasi gani?

Isiyo ya inveta (inveta ni ile inayopunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima na kuiwasha) inakula karibu yuniti moja kwa kila saa ambayo kompresa inazunguka. Ikiwa safi na umeiweka 25 kompresa inapumzika mara nyingi, ikiwa chafu na umeiweka 16 haipumziki usiku mzima. Kuweka 16 hakuharakishi ubaridi dada, kunaifanya isisimame tu. Funga dirisha, shusha pazia upande wa jua la jioni.

Mdau wa Arua: Harufu ya ukungu imerudi wiki moja tu baada ya kuosha.

Koili inabaki mbichi ukizima. Nusu saa kabla ya kulala au kutoka, weka feni peke yake bila upoozaji ikaushe ndani. Ikiendelea basi ni ile feni ya mviringo au trei, mwambie fundi aifungue.

Mwalimu, Kabale: Sisi huku usiku ni baridi, AC yetu tunatumia upande wa joto. Huduma ni ileile? Na mashine ya nje inadondosha maji, ni ugonjwa?

Huduma ni ileile mwalimu, filta na koili. Ukitumia joto kazi inageuka, sasa koili ya nje ndo inakua ya baridi, kwa hiyo maji kutoka nje ni kawaida kabisa, yaelekeze tu yasituame chini ya mashine.

Ila mwalimu na wote wa milimani, najua umeme ukikatika watu wanaingiza sigiri ya mkaa chumbani na kufunga madirisha. Msifanye hivyo, hata ukiona mkaa umeshakua mwekundu na hautoi moshi. Ile hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, haikuamshi, familia nzima inalala moja kwa moja. Ukihisi kichwa kinauma na kichefuchefu huku kuna sigiri ndani, toka nje na watoto kwanza, fungua kila kitu, alafu muende hospitali. Usiku wa baridi bila umeme tumieni blanketi na chupa za maji ya moto, sigiri ibaki nje.