Mbio za baskeli za mwanzo wa msimu Unguja: usiachwe na kundi, na ukiachwa fanya hivi

Msimu ukianza baada ya masika utaona watu wanaingia barabarani na hesabu za mwaka jana, wanachapa tokea mjini kama wanafukuzwa, wakifika Tunguu pumzi hana mtu, afu jioni lawama zote kwa baskeli, mara giya, mara rimu nzito. Jamani, Unguja haina milima ya kuuana (anaetaka milima avuke Pemba, apande Mkoani mpaka Chake, atanambia), hapa kinachokuacha nyuma ni upepo, khasa kusi likishakaza.

Chukua njia ya Paje. Kutoka mjini upepo wa kusi unakuja usoni, ukikaa mbele peke yako unawafanyia wenzako kazi ya bure. Kaa nyuma ya mtu akukinge upepo, uache kama mita moja ikiwa hujazoea, na macho usiyagandishe kwenye tairi lake, tazama mgongo wake na kule mbele. Jozani kuna matuta na kima punju wanavuka watakavyo, kwa hivyo alie mbele apige ukelele "tuta!" na anyooshe mkono, wa nyuma vidole viwe kwenye breki.

Kundi linavunjikia baada ya Kitogani, ukishakata kushoto kwenda Paje. Upepo uliokuwa usoni sasa unakupiga ubavu wa kulia, na watu bado wamejipanga nyuma kwa nyuma wakati kinga imeshahama, iko kushoto kidogo nyuma ya mwenzako. Wajuaji wanajipanga mshazari, wa kwanza karibu na mstari wa kati, wengine wanashuka kuelekea ukingo wa kushoto, nafasi inatosha watu wanne watano basi, anaefuata yuko pembeni kabisa kwenye mchanga anakula upepo mzima. Huyo ndo anaeachwa, na wala si mbovu, kachelewa tu kusogea. Kwa hivyo ukikaribia Kitogani panda mbele mapema, tumia nguvu kidogo pale upate nafasi. Na kama barabara haijafungwa, mstari wa kati usiuvuke, gari za shamba hazina huruma.

Ushaachwa? Usikimbize peke yako, utajimaliza. Tazama nyuma, wapo wenzio wawili watatu wameachwa pia, wasubiri, mpokezane mbele nusu dakika nusu dakika, akichoka mmoja anajitoa upande upepo unakotokea anarudi nyuma. Kundi la mbele likilegea mtalipata, lisipolegea mtamaliza salama, na kwa mbio za mwanzo hayo ni mafanikio, watu wanadharau tu.

Pancha nayo. Usitie tyubu mpya kabla hujapitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima, kijiwaya au kigae cha chupa kikibaki mle utaziba mara ya pili mbele ya watoto wa skuli wanakucheka. Mvua ikinyesha punguza upepo kwenye tairi kidogo.

Kula. Mbio za zaidi ya saa moja na nusu zinataka wanga, gramu 30 mpaka 60 kila saa, ndizi moja kubwa ni kama 30 hivi. Tende nazo nzuri, zitoe kokwa usiku zitie kwenye kimfuko, mana kutafuna na kutema kokwa huku unapigwa na upepo ni tabu. Urojo subiri ushamaliza, tafadhali. Maji tia chumvi kidogo na ndimu, na anza kunywa kabla kiu haijakushika, joto letu unalijua.

Ukifika nyumbani andika mambo matatu: umeachwa wapi, upepo ulikuwa upande gani, ulikula nini na saa ngapi. Ukiona mbio mbili umeachwa pale pale basi tatizo lina jina, mazoezi ya wiki yapeleke huko huko, nenda alfajiri na wenzio mkajifunze kupokezana kwenye upepo wa ubavu. Rimu mpya za bei usinunue bado.

Cheni ifute siku ile ile, usilale nayo, barabara za pwani zina chumvi. Kitambaa kikavu kwanza, oili tone moja kila pingili, zungusha pedali nyuma, afu futa tena ile iliyozidi, ikibaki inakamata mchanga.