Kujijengea baraza la mbao nyuma ya nyumba

Baraza la kwanza nililojijengea nyuma ya nyumba, hapa Jinja, lilisimama bila tatizo kwa misimu mitatu ya mvua. Siku moja nilichomeka bisibisi kwenye nguzo ya pembeni ili kupima ufa mdogo, nayo ikazama hadi kwenye mpini, kwa maana ndani hapakuwa tena na mti bali udongo mwekundu ambao mchwa walikuwa wameupandisha. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilizifukia nguzo moja kwa moja ardhini. Ndiyo sababu maelezo haya yanakaa zaidi chini ya baraza kuliko juu yake.

Kwa anayeanza, ukubwa wa mita 3 kwa 4 unatosha, tena una faida ya hesabu: ukipima mshazari, kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, lazima upate mita 5 kamili pande zote mbili, la sivyo kamba zako za kupimia hazijakaa sawa. Baraza lisimame peke yake, sentimita chache kutoka ukutani, kwa sababu mbao iliyofungwa kwenye tofali hushika maji, na mchwa hupata njia ya kuingia nyumbani.

Chimba mashimo 9, safu tatu za mashimo matatu, kila moja likiwa na kina cha sentimita 60. Katika safu, nguzo ziachane mita 2, na kati ya safu na safu pawe na mita moja na nusu. Zege la saruji kiasi kimoja, mchanga viwili na kokoto vinne linafaa. Juu ya shimo weka ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyokatwa kitako, ili zege lipande sentimita 15 juu ya ardhi, kisha, kabla halijakauka, zamisha kishikizo cha chuma chenye umbo la U kilichochomelewa kwenye kipande cha nondo. Fundi yeyote wa kuchomelea atakutengenezea. Nguzo itakaa ndani ya kishikizo hicho bila kugusa udongo. Mwagilia zege kwa siku 7 kabla ya kulibebesha mzigo. Kusawazisha vichwa vya nguzo, usitegemee macho wala pimamaji fupi. Tumia mpira wa maji, yaani mpira angavu uliojazwa maji, ambayo husimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili, kama wafanyavyo mafundi wa matofali.

Kuhusu mbao, mvule ni bora lakini bei yake ni kubwa na miti yenyewe imepungua sana misituni. Wengi wetu tunabaki na mkalitusi au paini. Paini isiyotiwa dawa huoza upesi, na mkalitusi mbichi hujipinda na kupasuka. Katika maeneo ya mbao kama Ndeeba, Kampala, mbao nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi, kwa hiyo zipange kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti, walau mwezi mmoja au miwili. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari. Mimi siipendi, kwani hunuka, huchafua nyayo za watoto na kuingia ardhini.

Juu ya kila safu ya nguzo funga kwa bolti boriti mbili za inchi 6 kwa 2 zilizounganishwa pamoja. Juu yake laza mihimili ya inchi 4 kwa 2, ikiachana sentimita 40, ambayo ni mihimili 11. Vibao vya sakafu vya inchi moja vifungwe kwa skrubu zilizopakwa zinki, mbili kila vinapokutana na mhimili, kwa sababu misumari hung'oka mbao zikinyauka. Kati ya vibao vilivyokauka acha nafasi ya unene wa msumari wa inchi 4. Kama bado vina ubichi, vibananishe, navyo vitajiachia vyenyewe.

Baraza likizidi sentimita 60 kutoka ardhini, weka kizuizi cha pembeni.

Zege halizuii mchwa kupanda, ila huwalazimisha kupita nje, kwenye vijia vya udongo vinavyoonekana. Inama chini ya baraza kila mwezi ukiwa na tochi, hasa mvua zinapoanza Machi na Septemba, ukwangue kila kijia utakachokiona na kutazama siku chache baadaye kama kimejengwa upya.